Betri ni Mafuta Uliyoyalipia Mapema: Hotuba kwa Wasafiri wa Kila Siku wa Malindi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana, salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tumeitwa kuzungumza juu ya kwenda kazini na kurudi bila gari. Sitaanza na mambo ya Ulaya. Naanza na barabara ya kutoka Msabaha kuja mjini, saa moja asubuhi: gari dogo la viti vitano, ndani mtu mmoja, na begi lake kwenye kiti cha pembeni. Kilo elfu moja za chuma zinamsafirisha mtu wa kilo sabini kwa kilomita zisizozidi kumi, kisha chuma hicho kinashinda juani nje ya ofisi mpaka saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo safari tunayoijadili leo. Si ile ya Mombasa na watoto, wala ya kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku, wala ya kubeba simiti. Kwa hizo gari ni gari, na atakayewaambia vingine ana kitu anauza.

Tupige hesabu. Chukua mtu wa kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 24 kwa mwezi: kilomita 480. Petroli tuiweke shilingi 180 kwa lita, na stima shilingi 30 kwa yuniti, kodi na makato yote ndani. Bei zikibadilika badilisheni nambari, njia ya hesabu ni ile ile. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita linakunywa lita 40, yaani shilingi 7,200. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita inataka lita 12, shilingi 2,160. Pikipiki ya umeme hula kama wati-saa 35 kwa kilomita. Yuniti moja ya tokeni ni wati-saa 1,000, na chaja hupoteza kama asilimia 12 kwa joto, kwa hiyo mwezi unakula yuniti 19, shilingi 570. Baiskeli ya umeme, ile yenye pedali na mota ndogo, hula kama wati-saa 12 kwa kilomita. Yuniti sita na nusu. Shilingi 195 kwa mwezi mzima.

Muuzaji akifika hapo hufunga daftari. Sisi tunafungua ukurasa wa pili, kwa sababu kuna gharama ambayo haionekani kwenye tokeni.

Hii niliyoishika ni betri ya baiskeli, volti 48, ampea-saa 15. Zidisha: wati-saa 720. Inatosha kilomita 45 za kawaida bila kuikausha. Ikitunzwa hupokea chaji kamili mara 600 hivi kabla haijashuka kiasi cha kukuudhi, kwa hiyo ndani yake kuna kilomita 27,000. Ukiwa umeinunua kwa shilingi 45,000, kila kilomita imekugharimu shilingi moja na senti 67, na mwezi wa kilomita 480 umekula shilingi 800 za betri. Mara nne ya stima yenyewe! Betri, ndugu zangu, ni mafuta uliyoyalipia mapema. Kila mwezi weka hizo 800 kando, ama siku ya kununua nyingine utasema umeme ni uongo.

Sasa tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo. Betri ile ile ikichajiwa vibaya, ikaachwa chini ya mabati, ikaingia chumvi, inaweza kufa kwenye chaji 250. Kilomita 11,250. Sasa kila kilomita ni shilingi nne, mwezi ni 1,920, ongeza stima 195: shilingi 2,115. Umefika pale pale alipo mwenye pikipiki ya petroli, na yeye hajasumbuka kutafuta soketi. Kwa hiyo mengi nitakayosema kuanzia sasa ni ya kuilinda betri, na Malindi ina maadui wake watatu: upepo, joto na chumvi.

Upepo kwanza, kwa sababu ndio unaoamua betri ya ukubwa gani ununue. Mji wetu ni tambarare, hatuna vilima vya kutisha. Kilima chetu ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Baiskeli ikienda kilomita 25 kwa saa siku isiyo na upepo, yenye mpandaji na mzigo mdogo, mota ikifanya kazi yote peke yake hula kama wati-saa 10 kwa kilomita. Kusi likivuma mita tano kwa sekunde, jambo la kawaida tu alasiri ya mwezi wa saba, na wewe umeelekea kusini, hewa inakupiga kana kwamba unakwenda kilomita 43 kwa saa. Ukinzani wa hewa haupandi kwa kujumlisha, unapanda kwa kujizidisha: unakuwa karibu mara tatu. Kilomita moja sasa inakula wati-saa 21. Geuka, upepo ukusukume mgongoni, kilomita hiyo hiyo inakula nne.

Kwa hiyo anayekaa Msabaha, kilomita kumi hivi kusini mwa mji, hurudi nyumbani jioni akipigana na kusi wakati limekolea. Hesabu yake: asubuhi kilomita kumi za kusukumwa, wati-saa 40, jioni kilomita kumi za kupigana, wati-saa 210, jumla 250. Ongeza theluthi kwa ajili ya mchanga, breki na kusimama kwa matatu, uko kwenye 330. Sasa fikiria betri ikizeeka na kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake, na bado unataka ufike nyumbani: gawa 330 kwa 0.8, unapata kama 415. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10, yenye wati-saa 480, inamtosha. Aliyejenga Mambrui ana bahati ya upepo miezi ya kusi: asubuhi anaelekea kusini upepo ukiwa bado haujakolea, jioni anavuka daraja la Sabaki akisukumwa. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, likiingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka, lakini kaskazi kwa kawaida ni pole kuliko kusi. Anayetoka Watamu kwa kupitia Gede ana kilomita ishirini na kitu kila upande. Huyo achukue ampea-saa 15 na awe na chaja ya pili kazini, la sivyo siku moja ya Agosti atakanyaga pedali kutoka Gede na baiskeli ya kilo 25.

Mnaona kwa nini maneno ya dukani, “inakwenda kilomita 100 kwa chaji moja”, hayana maana? Walimpima mtu mwepesi, kilomita 15 kwa saa, siku ya shwari, naye akikanyaga pedali. Likate nusu neno la muuzaji, kisha likaguliwe na kusi.

Kuna njia ya kujua kama betri ina ukubwa ulioandikwa, na haitaki fundi. Iendeshe mpaka ikate yenyewe. Nyumbani zima kila kitu, friji, taa, feni, soma yuniti kwenye mita ya tokeni, chomeka chaja, ngoja taa yake igeuke kijani, soma tena. Betri ya wati-saa 720, ukijumlisha kinachopotea kwenye chaja, inapaswa kula kama yuniti 0.8. Ikila 0.5 umeuziwa jina. Fanya hivyo wiki ya kwanza, risiti ikiwa bado mfukoni.

Kuhusu aina. Wengi mtapewa betri za risasi na asidi kwa sababu ni nafuu, nne za volti 12 zilizofungwa pamoja. Nne hizo za ampea-saa 20 zina uzito wa kilo 26 hivi, na ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo kati ya wati-saa 960 unatumia 480. Ukizikausha kila siku hazimalizi mwaka. Kwa tuktuk inayokaa mahali pamoja na ina nafasi ya uzito, sawa. Kwa baiskeli unayoipandisha ngazi, hapana. Lithiamu ni za namna mbili mtakazokutana nazo. Ya kawaida kwenye baiskeli ina safu 13 za seli, yaani vibetri vidogo vya ndani, na ikijaa husoma volti 54.6. Ile ya fosfeti ya chuma, ambayo pikipiki na tuktuk nyingi huitumia, ina safu 16 na ikijaa husoma 58.4. Hii ya pili ni nzito kidogo kwa wati-saa zile zile, lakini huvumilia joto vizuri zaidi na hupokea chaji 2,000 na kupita. Kwa pwani yetu, ukiipata kwa bei ya kueleweka, chukua hii.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo moto unapoanzia. Betri zote hizo tatu mtu wa dukani huziita “ya 48”. Plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Lakini chaja ya risasi na asidi hutoa volti 58 au 59, na ya fosfeti 58.4. Ukichomeka mojawapo kwenye betri ya safu 13 unazisukuma seli zake mpaka volti 4.5 kila moja, na mwisho wake ni 4.2. Ndani ya betri kuna kibao cha ulinzi ambacho kinapaswa kukata. Kikiwa kizima kitakata. Kikiwa kimeliwa na chumvi hutajua mpaka usiku. Pindua chaja, soma palipoandikwa volti za kutoa, kisha soma betri. Zisipolingana, usijaribu hata dakika moja. Nyumba yenye chaja mbili, zipakeni rangi: nyekundu na nyekundu yake, kijani na kijani yake. Watoto hawasomi nambari, rangi wanaziona.

Joto. Mafundi wa betri wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka huharakisha uzee wa seli karibu mara mbili. Mwezi wa tatu hapa kivulini ni nyuzi 31, 32. Ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari ni zaidi ya 40, na juu ya siti nyeusi ya baiskeli iliyoachwa juani mpaka adhuhuri, mkono haukai. Chombo kiegeshwe chini ya mwarobaini, si chini ya bati. Ukifika nyumbani, betri ina joto la safari. Iache nusu saa ipoe ndipo uichomeke. Na usiijaze mpaka juu kila usiku kama hutaki kwenda mbali kesho. Kwa betri ya safu 13, volti 52 ni kama asilimia 80, na hapo ndipo inapojisikia vizuri. Mara moja kila wiki mbili ijaze kabisa na uiache saa moja zaidi kwenye chaja, kwa sababu kibao cha ndani husawazisha seli zikikaribia kujaa tu; usipofanya hivyo safu moja itabaki nyuma ya wenzake, na siku zote safu dhaifu ndiyo huamua betri nzima ikate lini. Chini usishuke volti 43. Ukisafiri mwezi mzima, iache ikiwa 48 au 49, imechomolewa, mahali penye ubaridi. Betri iliyoachwa tupu mwezi wa Ramadhani mzima haiamki kwa Idi.

Chaja yenyewe ya ampea tatu hujaza betri ya ampea-saa 15 kwa saa tano, na saa moja zaidi ya kumalizia taratibu. Isifunikwe na nguo, isiwekwe juu ya godoro. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke, kwa sababu ile ya kwanza kurudi huja na kishindo na ndiyo inayoua chaja nyingi mjini. Na usichajie kwenye mlango wa kutokea. Nyumba zetu nyingi, hasa kule Mji Mkongwe, zina mlango mmoja tu wa nje. Betri ikiwaka imekaa mlangoni, watu mko nyuma yake. Ikianza kufoka moshi, maji mengi ndiyo dawa, kwa sababu kinachotakiwa ni kupoza. Mchanga hufunika mwali tu, na seli za ndani zinaendelea kuchemkiana, dakika kumi baadaye zinawaka tena. Zima swichi kuu ya nyumba kabla ya kumwaga, toa watu, kisha maji.

Mwenye sola nyumbani anaweza kuchajia humo: paneli ya wati 400 kwa jua letu itakupa zaidi ya wati-saa 1,300 siku nzuri, karibu mara mbili ya betri hii. Kwa wenye vyombo vingi, mdhibiti wa kawi EPRA aliweka mwaka 2023 bei maalum ya stima ya kuchajia vyombo vya umeme, na saa za usiku wa manane bei ya nishati ni nusu ya mchana. Hiyo inafaa zaidi chama cha tuktuk chenye mita yake kuliko mtu mmoja na baiskeli. Shilingi 195 zake hazistahili foleni ya ofisini. Na kwa anayeuliza kama hatuhamishi tu moshi kutoka hapa hadi kwenye kinu cha stima: sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, na hapa hapa Langobaya tangu mwisho wa 2021 kuna shamba la sola la megawati 52 linalomimina kwenye gridi.

Nimefika kwenye chumvi. Pitisheni hii plagi mkono kwa mkono, polepole. Itazameni ndani. Ule unga wa kijani ni shaba iliyoliwa. Ilikuwa kati ya betri na kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza mota, kwenye chombo cha kando ya bahari, na mwenyewe alidhani mota imekufa. Mota ilikuwa nzima. Kutu ile huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto, joto huyeyusha plastiki ya plagi, mnaiona ilivyobabuka upande mmoja, na stima inayopaswa kuzungusha gurudumu inaishia kuchemsha plagi. Dalili yake ya mwanzo ni ndogo: chombo kinakata ukiongeza mwendo ghafla, kisha kinarudi. Shika plagi baada ya safari. Ikiwa ya moto kuliko waya wake, ifungue leo.

Kinga yake ni grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele kwenye kila pini, kila miezi mitatu. Ukiikosa, mafuta ya mgando kidogo yatasaidia, ila yasiguse mipira ya kuzuia maji, huilegeza. Jambo la pili halihitaji hela: kila waya unaoingia kwenye kontrola ushuke kwanza chini ya tundu lake, ufanye tumbo, kisha upande uingie. Tone la maji hufuata waya. Likikuta tumbo linadondoka, likikuta mteremko linaingia ndani. Mafundi wengi hufunga nyaya zimebana vizuri, zinapendeza macho, na zote zinatiririsha maji ndani ya kontrola kama mfereji wa bati.

Kuosha. Msitumie mashine ya presha. Kabisa. Na msioshe chombo kikitoka safarini: mota ikiwa ya moto, ukaimwagia maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia pale waya unapoingilia kwenye ekseli. Utasikia wiki ijayo gurudumu likitetemeka kwa kuanza, kama mtu mwenye homa, kwa sababu zile sensa ndogo za ndani zimelowa. Subiri ipoe, chukua beseni na kitambaa. Na maji yawe ya mfereji, yale yanayotoka mtambo wa Baricho, au ya mvua. Visima vyetu vingi vina chumvi. Ukiosha kwa maji ya kisima cha namna hiyo unakipaka chombo chumvi ile ile uliyotaka kuitoa.

Chombo kikigoma, kuna kipimo cha mikono mitupu kinachowatenganisha wagonjwa wawili. Zima, toa betri, chomoa plagi ya mota kwenye kontrola. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kama ni mota yenye gia ndani, lizungushe kinyumenyume. Likiwa zito na la kugotagota hata baada ya kuchomoa, zile nyaya tatu nene za mota, njano, kijani na buluu, zimegusana mahali, mara nyingi pale kwenye ekseli. Likiwa jepesi, rudisha plagi uzungushe tena. Likiwa zito sasa, kontrola imeungua. Kote likiwa jepesi, shida iko kwenye zile nyaya tano nyembamba za sensa, au kwenye swichi ya breki iliyokwama na kuizuia mota. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kawaida na ndiyo ya bure: mchanga umeingia kwenye mkono wa breki, haurudi mpaka mwisho, na kontrola inadhani umeshika breki siku nzima. Anzia hapo kabla hujamlipa mtu.

Nati za ekseli yenye mota zikazwe kwa nguvu ya kweli, kama nyutoni-mita 40, yaani spana namba 18 yenye mkono mrefu na mtu mzima akiegemea, na zikaguliwe baada ya kilomita 50 za kwanza. Mota husukuma ekseli kinyume na gurudumu. Ikilegea inajizungusha kwenye fremu na kuukata waya wake yenyewe. Uwepo pia mkono wa chuma wa kuishikilia ekseli, hasa mota ikipita wati 500, na mota kubwa hivyo isifungwe kwenye foki ya mbele ya aluminiamu, itapasuka midomo. Spoki za nyuma zigongwe kwa kucha kila wiki mwezi wa kwanza. Inayotoa sauti butu imelegea. Tairi la upana wa inchi 2.1 hadi 2.4 ndilo la njia zetu za mchanga na mawe ya matumbawe, presha 35 hadi 45. Jembamba linazama, na kwenye mchanga mlaini gurudumu linataka nguvu mara kumi ya lami. Ukihisi linazama, shuka usukume, usiikamue mota ikiwa imesimama, inachemka kwa dakika mbili. Pancha ya nyuma iwekwe kiraka bila kutoa gurudumu: vuta tyubu upande mmoja, tafuta mwiba, ziba, rudisha. Vijana wa pancha wanaijua kazi hii, mradi umwambie mapema kwamba kuna waya.

Nigusie sheria kwa ufupi. Ikishakuwa pikipiki, hata kama haina sauti, ni pikipiki: usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, leseni ya daraja A, bima, helmeti. Umeme haukuondolei hata kimoja. Kodi ndiyo yenye nafuu, maana sheria ya fedha ya 2023 iliziondolea VAT baiskeli za umeme, pikipiki za umeme na betri za lithiamu. Lakini sheria hiyo huandikwa upya kila mwaka, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe kwenye risiti alichotoza. Na kama pikipiki ni ya mfumo wa kubadilisha betri, kama zile za Spiro na Ampersand, swali la kwanza si bei. Uliza kituo cha kubadilishia kiko wapi, na funguo ya kituo ni ya nani saa nne usiku, wakati wapishi na wahudumu wa hoteli za Casuarina wanatoka zamu.

Wa zamu za usiku, la mwisho ni lenu. Chombo hiki hakina mlio. Katika vichochoro vya Shela, mbuzi, punda na mzee anayetoka msikitini hawakusikii. Kengele ya kidole gumba ni bora kuliko honi, kwa sababu unaipiga mapema bila kumshtua mtu, na taa ya mbele iinamishwe imulike mita kumi mbele ya gurudumu, isimpige mtu machoni. Breki za diski ziangaliwe kila mwezi, mchanga unazila. Unene wa padi ukifika milimita moja zibadilishe.

Nje chini ya mwarobaini tumeweka meza, na juu yake kuna testa mbili. Mwenye chaja aje nayo, pamoja na betri yake au hata picha ya kibandiko chake, tupime volti za kutoa mbele yake. Tuanze na wale wenye chaja mbili nyumbani.